Lori linalokula oili huenda limeshiba kupita kiasi

Dereva mmoja aliingia gerejini kwetu Changamwe alfajiri, kontena la futi 40 nyuma, akashuka na kidumu kitupu mkononi. "Fundi, gari lanila oili. Kila safari ya Malaba nalitia kidumu kizima na bado stiki yaonyesha chini."

Kidumu chenyewe ni cha lita 5. Nikamuuliza moshi wa rangi gani. Wa buluu, akasema, hasa akipanda Mazeras. Na sindano ya presha ya oili? "Hiyo nayo yatetemeka tu, nadhani geji imechoka."

Nikamwambia, mzee wangu, tuiache itulie kwanza. Ilipotulia robo saa nikachomoa stiki, nikaifuta, nikairudisha, nikachomoa tena. Alama ya oili ilikuwa chini ya mstari wa chini, kweli kabisa. Lakini oili yenyewe ilikuwa na viputo vidogo vidogo kama tui linalotaka kuchemka. Oili iliyopungua inaweza kutia povu pia, pampu inapovuta hewa, ila moshi ule wa buluu na kile kidumu cha kila safari havikuniacha na raha. Nikamtuma kijana alete majerikeni.

Tulimwaga lita 43. Kitabu cha injini ile kinasema 36, pamoja na filta.

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba oili ikizidi kidogo ni akiba, hasa ukiwa na safari ya kupanda bara. Maji ya rejeta yakizidi yatamwagika yenyewe, na oili wanaichukulia vivyo hivyo. Haifanyi hivyo. Chini ya injini kuna karai, sampu, na juu yake tu krankishafti, mhimili mkuu wa injini, inazunguka. Kiwango kimepimwa ili vyuma vizito vya krankishafti vipite hewani, juu ya oili, bila kuigusa. Ukijaza kupita alama, vinaanza kuichapa. Lori likienda kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, kila chuma kinaipiga oili mara 25 kwa sekunde. Chukua uma, uchape mayai kwenye bakuli kwa kasi hiyo, uone utapata nini.

Povu hilo ndilo pampu inalovuta. Oili inabeba uzito kwa sababu haikubali kubanwa. Hewa hubanwa kirahisi. Beringi za krankishafti zinaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando ukijaa viputo, chuma hukutana na chuma. Sindano ya dereva wangu haikuwa imechoka hata kidogo, ilikuwa ikimwambia ukweli tangu Mtito. Wapo wanaosema oili nyingi huongeza presha. Presha ya pampu ina vali yake ya kuilegeza, haijui wala haijali sampu ina lita ngapi. Dalili ya oili iliyozidi mara nyingi ni presha kushuka au kucheza, na injini kupata joto zaidi, maana kule kuchapa kunakula nguvu na kuigeuza joto. Kwa jua letu la pwani hilo joto la ziada hatulihitaji.

Sasa moshi. Injini ina bomba la kupumulia, na katika injini nyingi za siku hizi bomba hilo linarudisha hewa kwenye njia ya turbo. Ndani pakijaa ukungu wa oili, ukungu huo unapanda na hewa, unaingia kwenye kipoza hewa, unafika kwenye silinda na kuungua. Ndio ule moshi wa buluu. Bomba likiziba, mgandamizo wa ndani unapanda, na sili za zamani zinaanza kuvuja, hasa ile ya nyuma.

Hapo ndipo mtego ulipo. Dereva anaona moshi, anaona oili inapungua, anasema injini imezeeka inakula oili. Anaongeza. Injini inatupa zaidi, naye anaongeza zaidi. Wapo waliofumuliwa injini nzima na kubadilishiwa ringi za pistoni kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kufungua nati ya sampu.

Na katika dizeli kuna hatari moja ambayo gari la petroli halina kwa kiwango hicho. Oili ikifurika kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuifanya ndiyo fueli yake. Ukizima ufunguo haizimi, kwa sababu haitegemei tena fueli ya tangi. Inapanda mizunguko yenyewe, inapiga mayowe, mpaka oili iishe au ivunjike. Ikikutokea, inyime hewa: funika mdomo wa hewa kwa kitu kigumu, usitumie mkono wala kitambaa, kitavutwa. Kizima moto cha gesi ya kaboni dioksidi kikipulizwa humo kinafaa. Kama ni gia ya mkono, tia gia ya juu kabisa, kanyaga breki zote, achia klachi ife. Ikiwa imeshaanza kupiga kelele ya kuvunjika, usisogee karibu. Chuma kinachotoka hapo hakichagui.

Rudi kwa lori letu. Mbona stiki ilionyesha chini na ndani mna lita 7 za ziada?

Injini ile haikuzaliwa na lori lile. Ilitoka ng'ambo ikiwa imetumika, ikafungwa kwenye gereji nyingine, na stiki ikachukuliwa pale ilipopatikana. Ilikuwa fupi. Haikufika palipotakiwa, basi siku zote ilisema njaa. Mombasa hii injini na spea za mtumba zinashuka kila wiki, na hili nakutana nalo kuliko watu wanavyodhani.

Namna ya kupata ukweli ni kazi ya saa moja. Mwaga yote ikiwa vuguvugu, lori likiwa mahali tambarare, si kwenye kilima cha Miritini. Funga filta mpya. Tia kiasi cha chini cha kitabu. Kwetu kilikuwa lita 30. Washa dakika mbili filta ijae, zima, ngoja robo saa, chovya, tia alama. Ongeza lita 6, rudia, tia alama ya pili. Angalia kitabu kinataja kiasi gani: kuna cha injini kavu na kuna cha kubadilisha oili, navyo havilingani, kwa sababu ukimwaga daima hubaki oili kwenye kona za injini. Lita 36 zikipata joto kutoka nyuzi 30 hadi 100 huongezeka kama lita moja na nusu au zaidi, kwa hiyo usilinganishe kipimo cha moto na cha baridi.

Milimita mbili juu ya alama kwenye injini kubwa hainisumbui. Lita mbili natoa. Tano, usiwashe kabisa.

Na kama hujaongeza kitu lakini kipimo kinapanda chenyewe, nusa stiki. Ikinuka dizeli, noseli inavuja. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Hiyo usiipunguze ukaondoka, lete gari.

Dereva alitaka arudishiwe zile lita 7. Nilimpa, zilikuwa mpya bado, nikamchongea stiki mikwaruzo miwili kwa msumeno. Mstari wa zamani, ulioandikwa kiwandani, niliufuta kwa tupa mbele ya macho yake.