IPv6 si 5G, wala haikudai simu mpya

Juzi pale Mkunguni, Lamu, kijana mmoja alinishikilia: "Mjomba, IPv6 ni intaneti ya kasi, lazima ununue simu mpya." Sivyo. IPv6 ni anwani tu, yaani namba inayokitambulisha kifaa chako kwenye intaneti.

Anwani za zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba kuu iliisha Februari 2011. Tangu hapo tunabanana. Unalijua sanduku la posta la kwetu: namba moja, barua za mtaa mzima, mwalimu ndiye anayezigawa. Ndivyo wateja wengi wa simu wanavyowekwa nyuma ya anwani moja. Mmoja akituma barua taka, tovuti huwashuku wote. Ndipo wewe, uliyekaa kimya saiba, duka la intaneti, na kahawa yako, unaulizwa kama ni roboti!

Anwani ya IPv6 ina biti (tarakimu za 0 na 1) 128 badala ya 32, kwa hiyo namba ni nyingi mno. Kila kifaa chapata namba yake. Simu nyingi za sasa zaielewa tayari. Kinachokwamisha mara nyingi ni ruta (kile kisanduku cha intaneti) kuukuu, au mtoa huduma ambaye hajaiwasha. Na IPv4 haizimwi kesho, zote mbili hutembea pamoja.

Fundi akija kufunga waya, muulize: "IPv6 mmeiwasha?"