Mto Kalambo ni Mpaka: Mambo ya Kujua Kabla ya Kushuka Korongoni

Kila kiangazi kinapoingia, wageni wa maporomoko ya Kalambo hutuuliza sisi wa hifadhi swali moja: kwa nini mtu azuiwe kuvuka kijito hiki cha Mto Kalambo ili apige picha ya maporomoko kutoka ng'ambo? Jibu ni fupi. Kijito hicho ndicho mpaka wa Tanzania na Zambia. Si mstari uliowekwa na walinzi wa getini. Ulikubaliwa na Uingereza na Ujerumani tarehe 1 Julai 1890, waliposema kuwa mpaka utafuata mto huu hadi unapoingia Ziwa Tanganyika. Nchi zetu zilipopata uhuru zilirithi mpaka huo, na unatambulika hivyo hadi leo.

Mara nyingi anayeuliza hana nia mbaya. Amesafiri kutoka Dar es Salaam au Mbeya, amepita Sumbawanga na Matai, ameingia kwa njia ya Kapozwa, na simu inamwonyesha njia nyingine ya miguu ng'ambo, karibu kiasi cha kuita mtu akaitika. Ramani ya simu haijali uhamiaji. Kisheria, kufika ukingo ule wa pili kunamtaka arudi Matai, aende kituo cha mpakani cha Kasesya, agongewe muhuri, aingie Zombe upande wa Zambia, kisha azunguke kupitia Mbala. Hiyo ni safari ya siku nzima. Atahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kitambulisho cha taifa hakitoshi, na hoja kwamba "sisi wote ni Afrika Mashariki" haisaidii kwa sababu Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kuna wanaosema wamewaona wenyeji wakivuka na ndoo na baiskeli. Ni kweli. Walungu, kabila la hapa mpakani, wana ndugu pande zote mbili, na wanajua vivuko vya chini ya vilima tangu kabla ya mkataba wowote. Lakini wanavuka mahali wanapopajua, katika msimu wanaoujua, na wanafahamika kwa viongozi wa vijiji vyote viwili. Mgeni anayewafuata nyuma akikutwa ng'ambo hana hata mmoja wa kumtambua.

Kwa kuwa swali la adhabu huulizwa kwa pupa, nilieleze kwa utaratibu wake. Makosa yanayotokea ndani ya hifadhi ya msitu ya hapa Kalambo, kama kuingia bila kulipa, kukata mti, kuwasha moto bila kibali au kutoka nje ya njia iliyoruhusiwa, yanaangukia Sheria ya Misitu, Sura 323. Sheria hiyo inaruhusu kufifilisha kosa: mkosaji anakiri kwa maandishi na kwa hiari, anapewa namba ya malipo ya serikali, analipa benki au kwa simu, anapata stakabadhi, na jambo linaishia hapo. Asipokiri, jalada linakwenda mahakamani, na hiyo ni haki yake. Hakuna hatua yoyote ambapo fedha taslimu hupita mkononi mwa askari. Ukiombwa, kataa na udai stakabadhi. Kosa la kuvuka mpaka ni jambo jingine kabisa. Mhifadhi hana mamlaka ya kulififilisha wala kulisamehe. Kazi yake ni kuandika maelezo na kumkabidhi mhusika kwa Uhamiaji, hata kama mhusika ni mwalimu aliyekuja na wanafunzi wake. Na ukikamatwa ng'ambo, unashughulikiwa na sheria za Zambia. Stakabadhi ya kiingilio ya upande huu haitambuliki kule, wala ya kule haitambuliki huku.

Sasa njia yenyewe. Maji ya Kalambo yanaanguka kwa mkupuo mmoja. Vipimo vya kwanza vya kitaalamu vilifanyika miaka ya 1920. Kabla yake watu walidhani urefu unapita mita 300. Mwaka 1956 ulipimwa tena ukapatikana mita 221, na leo machapisho mengi ya utalii yanataja 235. Tofauti hiyo isiwasumbue. Linalomhusu mtembeaji ni kwamba chini ya maporomoko kuna korongo lenye kina cha hadi mita 300, linaloendelea kwa takriban kilomita 5 kabla ya kufunguka kuelekea ziwani. Kila hatua unayoshuka utaipanda.

Upande wa Tanzania kuna ngazi za kushukia bondeni. Watu huziamini kupita kiasi kwa sababu ni ngazi. Kushuka hakuchoshi mapafu, hivyo mtu anajiona ana nguvu, anapita sehemu za kupumzika bila kusimama, na paja la mbele linafanya kazi ya breki muda wote. Akifika chini miguu inatetemeka. Kupanda kunapoanza, ndipo misuli inapokaza. Weka saa yako hivi: muda uliotumia kushuka, zidisha mara mbili, ndio muda wa kupanda. Aliyeshuka kwa dakika 50 ajiwekee saa 1 na dakika 40 za kurudi. Beba lita 3 za maji kwa kila mtu, na lita moja kati ya hizo isiguswe mpaka uanze kupanda. Wengi huishiwa maji wakiwa chini, wakanywa ya mtoni. Maji yale yamepita kwenye makazi na malisho ya mifugo kabla ya kuanguka. Kuanguka hakuyasafishi.

Joto nalo huwadanganya wageni. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na asubuhi yake ni ya sweta. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Kadiri unavyoshuka korongoni unaelekea hali ya hewa ya ziwani, na tofauti inaweza kufika nyuzi sita au saba. Vaa nguo za kuvua moja moja. Viatu viwe na soli yenye meno. Kandambili na raba zilizolika zirudi garini.

Kuna hatari moja inayostahili maneno mengi kuliko zote, nayo ni mdomo wa maporomoko. Wakati wa kiangazi maji hupungua, na mwamba uliokuwa chini ya maji kuanzia Novemba hadi Aprili hubaki wazi. Unaonekana mkavu na mpana, kama sakafu. Uuangalie kwa karibu: juu yake kuna utando mwembamba mweusi, mabaki ya mwani uliokaushwa na jua. Ukiupitisha kucha unabanduka kama rangi ya zamani. Mtu akikanyaga akiwa na soli zenye unyevu, au ukungu wa maporomoko ukitua juu yake, utando huo unalainika mara moja na mguu hauna pa kushika. Hakuna mteremko unaokuonya. Kwa sababu hiyo tunasema mita 10 kutoka ukingoni ndio mwisho, hata pale pasipo na uzio, na hatubishani na mtu kuhusu picha. Watoto washikwe mkono tangu mnapoanza kusikia mvumo wa maji.

Mto pia unaweza kupanda ghafla huku juu yako mbingu ni ya bluu, kwa sababu mvua imenyesha juu kwenye uwanda. Dalili ni tatu: maji yanageuka kutoka ya wazi kuwa ya kahawia, majani na vijiti vinaanza kuelea katikati ya mkondo, na sauti inakuwa nzito. Ukiona moja tu, ondoka kwenye mkondo. Usisubiri ya pili. Wale wanaofika mwishoni mwa korongo karibu na ziwa wasiogelee. Ziwa Tanganyika lina mamba, na maji yaliyotulia yenye majani yana hatari ya kichocho.

Jambo dogo linalowachelewesha watu kuliko wanavyodhani ni saa ya simu. Zambia iko saa moja nyuma ya Tanzania. Ukiwa korongoni simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo na kubadilisha saa yenyewe, ukasoma saa 9 alasiri kumbe ni saa 10. Giza linakukuta ngazini. Zima mpangilio wa kubadilisha saa kiotomatiki kabla ya kuanza, na uzime pia huduma ya kutumia mtandao wa nje, la sivyo salio litakwisha bila kupiga simu hata moja. Panga uwe umerudi juu kabla ya saa 11 jioni.

Tangu Septemba 2023 kuna wageni wa aina mpya, na tunawakaribisha. Ni wale waliosikia kwamba Kalambo ndiko ulikopatikana ujenzi wa mbao wa kale kuliko wote unaojulikana duniani: magogo mawili yaliyowekwa moja juu ya jingine, la juu likiwa limechongwa ili likae juu ya mwenzake, ya miaka kama 476,000 iliyopita. Wengi huja wakitaka kuonyeshwa. Hayapo njiani. Yalifukuliwa mwaka 2019 kwenye mchanga wenye maji juu ya maporomoko, katika eneo ambalo mwanaakiolojia Desmond Clark alianza kulichunguza mwaka 1953, na yalidumu kwa sababu maji yaliziba hewa. Mti wa aina hiyo ukitoka majini ukakauka, hupasuka na kuharibika. Anayepita na koleo akitafuta "gogo lake" anaharibu kile anachokipenda.

Na hili lieleweke, kwa sababu ndipo subira yetu huwa fupi. Umri wa magogo yale haukusomwa kwenye mti. Ulipatikana kwa kupima chembe za mchanga uliokuwa umeyazunguka, ili kujua ni lini ziliona mwanga wa jua kwa mara ya mwisho. Jiwe lililochongwa likitolewa kwenye tabaka lake linabaki kuwa jiwe zuri lisilo na tarehe, na hata ukilirudisha getini siku ya pili halipati tarehe tena. Bonde hili lina shoka za mawe zenye umbo la peasi, zilizobanduliwa pande zote mbili, na juu yake kuna vigae vya vyungu vya wakulima wa zama za chuma. Ukiona kitu kama hicho kimetokeza, usikiokote wala kukisafisha. Weka kalamu pembeni yake kuonyesha ukubwa, piga picha moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha mti au mwamba wa kutambulisha mahali, kisha mwonyeshe mhifadhi siku hiyo hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale, Sura 333, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu nchini kabla ya mwaka 1863, na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Kuchimba bila leseni ni kosa. Kusema "nililikuta limelala tu" si utetezi.

Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na ruhusa ya hifadhi, na kibali cha Tanzania hakiendi zaidi ya katikati ya mto. Kwenye korongo lenye upana wa kilomita moja, upepo unaopanda kutoka ziwani unaweza kuisukuma droni ng'ambo kabla hujageuza kidole. Ikiangukia huko hairuhusiwi kufuatwa kwa miguu. Toa taarifa getini ili wahifadhi wawasiliane na wenzao wa Zambia. Kipindi cha kiangazi kibali cha hifadhi ni kigumu zaidi, kwa kuwa kongoti, ndege wakubwa wenye miguu mirefu, hutaga kwenye kuta za korongo. Ndege mzazi akishtuka na kuruka, yai au kinda lililo pembezoni linaweza kusukumwa likaanguka.

Makundi ya wanafunzi na vyama vya wapanda milima yatume orodha ya majina na namba ya simu ya kiongozi kabla ya kufika, na yapeleke nakala getini. Orodha hiyo hutumika jioni kuhesabu waliorudi. Mkiamua kuondoka kwa njia nyingine, semeni, maana jina lisilorejea husababisha askari kuteremka usiku na tochi kumtafuta mtu ambaye tayari yuko Matai anakula.