"Kiswahili Nimezaliwa Nacho": Dhana Potofu Kuhusu Kozi ya Uandishi Chuoni

Semina ya kwanza ya kozi ya uandishi huwa naianza kwa swali moja: kama kozi hii isingekuwa ya lazima, nani kati yenu angeichagua? Mikono haizidi mitatu. Siwashangai waliobaki. Wametoka sekondari wakiamini mambo fulani kuhusu uandishi, na mengi ya hayo ndiyo yanayowakwamisha muhula mzima. Nafundisha mwaka wa kwanza, kwa Kiswahili, na nilipokuwa nimekaa kwenye viti hivyohivyo niliamini vilevile. Naandika kwa ajili ya anayejiandaa kuingia chuo, na kwa yule aliyemo ndani anayeiona kozi hii kama kero ya kujazia ratiba.

"Kiswahili nimezaliwa nacho, nifundishwe nini tena?"

Hii naisikia kuliko zote, na aliyekulia Tanga au Unguja huisema kifua mbele. Ni kweli lugha anayo. Lakini kuzungumza na kuandika ni kazi mbili. Ukiwa kijiweni, unayeongea naye anakuona uso na mikono, ukimchanganya anakukatiza, "Nani huyo?", "Lini hiyo?", nawe unamfafanulia palepale. Msomaji hana wa kumuuliza. Amebaki na maneno yako tu, na pale ulipoandika "jambo hili" bila kusema jambo lipi, yeye ameshapotea na wewe hupo. Kujibu maswali ya mtu ambaye hujakaa naye ni ufundi, na hakuna aliyezaliwa nao.

Wala tatizo hili halikuanzia kwetu. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza kuwapa waombaji mtihani wa insha mwaka 1874. Waliokuwa wakiufanya ni vijana waliozaliwa na Kiingereza, wengi wao kutoka shule za wenye uwezo, na bado wengi walianguka. Kufikia 1885 chuo hicho kilikuwa kimeweka kozi ya uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na vyuo vingine vya nchi hiyo vikafuata njia hiyo.

"Insha nzuri ni ile iliyojaa misemo"

Hapa siwalaumu wanafunzi hata kidogo. Swali la fasihi la sekondari hapa Tanzania wanalijua kwa kichwa: kwa kutumia diwani mbili ulizosoma, thibitisha kauli fulani, hoja tatu kwa kila diwani. Mtoto anajifunza kujaza nafasi sita. Kenya nako, karatasi ya insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumalizia sekondari, inamtaka mtahiniwa aandike insha mbili, moja ya lazima na nyingine ya kuchagua. Kwa muda mfupi namna ile, aliyekariri vifungu vya kufungulia anaokoa dakika. Mbinu hizo ndizo zilizomfikisha chuoni, kwa hiyo anakuja nazo.

Binti mmoja niliyemfundisha, mkazi wa Mbagala, alichagua kuandika kuhusu usafiri wa wanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam. Rasimu yake ya kwanza ilifunguka hivi:

"Ni dhahiri shahiri, bila kupepesa macho wala kumung'unya maneno, kwamba usafiri ni uti wa mgongo wa maendeleo ya taifa lolote lile duniani. Tangu enzi za mababu zetu, binadamu amekuwa akisafiri kutoka sehemu moja kwenda nyingine kwa madhumuni mbalimbali."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Upatanisho umekaa, tahajia ni safi. Ila aya hiyo ingeweza kufungua insha kuhusu treni za China au punda wa Lamu bila kubadilishwa hata neno. Haina mwenyewe. Nikamwambia afunge daftari anisimulie asubuhi moja tu kituoni, alipokuwa bado anavaa sare. Akasimulia kwa dakika kumi, na wenzake wakaacha simu zao kumsikiliza. Nilipomuuliza mbona hayo yote hayamo kwenye karatasi, alijibu, "Nilidhani hayo si ya kisomi."

Jibu lile sijalisahau, kwa sababu wengi wanaamini hivyo bila kulitamka. Wanadhani usomi ni kupanda juu ya mambo mpaka yasionekane tena. Huku kwetu kazi ya kisomi hupimwa kwa dai linaloweza kukaguliwa. "Usafiri ni uti wa mgongo wa maendeleo" utalikagua vipi? "Saa kumi na mbili asubuhi makonda huwazuia wanafunzi mlangoni" linakaguliwa: unakwenda kituoni, unasimama, unahesabu.

"Rasimu ya pili ni kusafisha makosa"

Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Nancy Sommers, alichapisha ulinganisho wa wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza na waandishi wazoefu 20. Kila mmoja aliandika insha tatu, kisha akaandika upya kila insha mara mbili. Kwa wanafunzi, kurudia kazi kulikuwa ni kubadilisha maneno: toa hili, weka lile, usirudie neno. Wazoefu walikuwa wakiitafuta hoja yenyewe na umbo lake, huku wakimfikiria msomaji atakayeipokea. Nikizisoma rasimu za pili za darasa langu naiona tofauti hiyo waziwazi.

Binti wa Mbagala alirudi na rasimu ya pili iliyokuwa na kituo, na mvua, na mkono wa konda umezuia mlango: "Wanafunzi wawili tu!" Wengine kumi wamebaki, sare zimelowa, kengele ya shule inakaribia. Ilisomeka vizuri sana. Hoja yake ilikuwa kwamba makonda hawana utu. Aliniambia amemaliza, bado kuangalia koma.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kusomeana wawiliwawili. Mwenzake alikuwa kijana wa Njombe, ana miezi miwili tu jijini. Akauliza swali ambalo mkazi wa Dar asingeliuliza: kwa nini konda amkatae abiria mwenye nauli mkononi?

Binti akanyamaza. Halafu akaanza kuandika pembeni mwa karatasi: 200. 500. Wakati ule mwanafunzi alikuwa analipa shilingi 200, mtu mzima 500. Jioni konda na dereva wana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari, siku iwe nzuri au mbaya, na mafuta yameshatoka humohumo. Kinachobaki ndicho chao. Asubuhi ya msongamano, kila mwanafunzi aliyekaa mahali ambapo mtu mzima angekaa anapunguza shilingi 300. Wanafunzi kumi ni 3,000, kwa safari moja. Alipofika hapo akachora mstari chini ya namba, akaniita.

Rasimu ya tatu ilikuwa na hoja nyingine kabisa: punguzo la nauli ya mwanafunzi limewekwa na serikali, lakini anayelibeba ni konda, ndiyo maana analikimbia mlangoni. Unaweza kubishana na hoja hiyo. Mimi nilibishana nayo, nikamwambia hajanionyesha upande wa mwenye gari, naye akarudi kuitafutia ushahidi. Rasimu mbili za kwanza hazikumpa mtu chochote cha kubishia. Kama angeishia kwenye koma, hoja yenyewe isingezaliwa, na yeye asingejua kwamba ilikuwepo.

Ndiyo maana naomba rasimu tatu, na ndiyo maana simpi alama aliyeniletea ya mwisho peke yake.

"Mwenzangu naye hajui kitu, atanisomea nini?"

Yule kijana wa Njombe alisaidia kwa sababu hakuwa anajua. Msomaji mwenza hatakiwi kukusahihisha, hiyo si kazi yake. Anatakiwa akuambie alipotea wapi. Kwenye semina zangu nimepiga marufuku "nzuri sana, hongera" pembeni mwa kazi ya mwenzio. Andika: hapa nimekuelewa, hapa nimekwama, hapa nilitaka uendelee ukaniacha. Mwanzoni wanaona ni ukorofi, kwa kuwa tumelelewa kumstahi mtu mbele za watu. Kufikia wiki ya sita wenyewe wanadaiana: "Umeniandikia mstari mmoja tu, hujasoma wewe."

"Nikiijua sarufi, nitaandika vizuri"

Ripoti ya Marekani ya mwaka 1963, iliyopitia tafiti za ufundishaji wa uandishi, ilifikia uamuzi uliowakera walimu wengi: kufundisha sarufi rasmi peke yake hakumsaidii mwanafunzi kuandika vizuri zaidi kwa kiasi cha maana, na kunaweza hata kumdhuru kwa kumla muda wa kuandika. Mimi sarufi naifundisha bado, na naipenda. Ila naifundishia kwenye sentensi za mwanafunzi mwenyewe. Mtu aliyeandika "changamoto zinazowakabili wanafunzi ambazo ni nyingi" ataelewa urejeshi, yaani "ambazo" inarejelea nini, akiulizwa kilicho kingi ni changamoto au ni nini, kuliko akikaririshwa jedwali la ngeli aliloanza nalo shule ya msingi.

"Nikibadilisha maneno, si wizi tena"

Ni wizi. Ukichukua wazo la mtu ukalivisha maneno yako bila kumtaja, umelichukua wazo lake. Kubadilisha "umuhimu" kuwa "faida" hakuondoi kitu. Mkanganyiko huu una chanzo chake: chuoni watu wanaishi kwa madesa, yale makaratasi yanayorithishwa mwaka hadi mwaka, yametolewa kopi steshenari mpaka herufi zimefifia, na hakuna anayejua nani aliyaandika kwanza. Mtu akizoea maarifa yasiyo na mwenyewe, kutaja chanzo anaona ni urembo wa mwisho wa kazi. Nawafundisha kutaja chanzo kama njia ya kuonyesha wamekaa kikao na nani: huyu kasema hivi, mimi naongeza hili, hapa simkubali. Upande wa pili nao una dhana yake potofu: programu ya kupima mfanano ikitoa asilimia, si hukumu ya wizi. Inaonyesha maneno yanayofanana tu, nukuu zilizotajwa kihalali zikiwemo. Lazima mtu mwenye macho asome.

Na akili mnemba? Wanafunzi wananiambia itawaandikia, kozi ya nini. Inaweza kuandika aya ya "uti wa mgongo wa maendeleo" kwa sekunde tatu, bila kosa. Zile namba mbili pembeni mwa karatasi zilitoka kwenye kichwa cha mtu aliyesimama kituoni miaka minne na kuulizwa swali na mwenzake. Ukiiachia mashine rasimu ya kwanza, hupati cha kuulizwa.

"Lazima nianze na utangulizi"

Hapana. Anza unapopajua. Utangulizi uandike ukishajua unatambulisha nini.

"Uandishi ni kipaji, mimi sinacho"

Vipaji vipo, na nimewahi kuwa na wanafunzi ambao sentensi zao zilinifanya nisimamishe kalamu. Kozi hii lakini haitafuti washairi. Inamtafuta mtu wa kilimo atakayeandika ripoti ya shamba ikaeleweka, na muuguzi atakayeacha maelezo ya mgonjwa kwa wa zamu ya usiku bila kumtia mashakani. Hilo linafundishika. Nimeona wengi walioanza chini kabisa wakiwapita waliokuja na majina ya "bingwa wa insha" kutoka sekondari, kwa sababu bingwa hakuona sababu ya kufuta alichoandika.

"Muhula ukiisha, nimeshaiva"

Muhula ni wiki kumi na tano hivi. Huwezi kuiva kwa wiki hizo, na atakayekuahidi hivyo anakudanganya. Tena ukihamia aina mpya ya maandishi unarudi nyuma kidogo: aliyekuwa anaandika insha safi anakutana na pendekezo la utafiti mwaka wa tatu, na makosa ya zamani yanarudi kama hayajawahi kuondoka.

Binti wa Mbagala alinitafuta ofisini akiwa mwaka huo wa tatu, na pendekezo lake mkononi. Mimi sikuwa msimamizi wake. Alitaka macho tu. Ukurasa wa kwanza ulianza: "Tangu enzi za mababu zetu." Nikanyanyua kichwa kumtazama, akacheka, akanyoosha mkono kuonyesha chini kidogo. Aya nzima ilikuwa imekatwa kwa kalamu ya bluu, ya kwake, na pembeni ameandika: "Anzia Mbagala Rangi Tatu, saa 12 asubuhi."