Genge la vijana wa Kisamoa Marekani ni nini hasa?

Ni kundi la vijana wa mtaa mmoja, wengi wao ndugu wa ukoo, lililojishikiza kwenye mojawapo ya kambi mbili za Los Angeles: Crips wa buluu au Bloods wa nyekundu. Linalojulikana zaidi ni Sons of Samoa wa Long Beach, upande wa Crips. Kambi zenyewe zilianzishwa na vijana Weusi. Wasamoa walizikuta mitaani.

Mwaka 1951 jeshi la majini la Marekani liliondoka kwenye kituo chake cha Pago Pago, bandari ya American Samoa (visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Marekani), ajira zikakauka, familia zikahamia Hawaii na California: San Diego, Long Beach, Carson, San Francisco.

Kijijini Samoa, mwanamume asiye na cheo yumo katika aumaga, kundi la wanaume wa aina yake. Hao ndio wanaolima, wanaovua, wanaopika kwenye umu, yaani tanuri la mawe ya moto, na kuwatumikia matai, wakuu wa koo. Akikorofisha, baraza la kijiji huitoza faini familia yake nzima, nguruwe au mikeka, na nyumbani hakukaliki. Long Beach hakuna baraza. Matai anashinda kazini, faini hana wa kumtoza, na kijana wa miaka 15 hana kundi linalomhitaji isipokuwa kwaya ya Jumapili. Umaskini upo, na michango ya faalavelave (misiba, harusi, kutawazwa matai) huubana zaidi, lakini pengo la aumaga ndilo zito.

Watu wa nje hukosea kusoma alama. Pe'a, tatuu ya jadi ya kiunoni hadi magotini, ni heshima ya ukoo, haina uhusiano na genge. Polisi nao huhesabu "kuonekana na wanachama" kama dalili; kwa Msamoa, huko kwaweza kuwa kula mlo wa Jumapili na binamu.

Kijana akishtakiwa, ulizeni kwanza alizaliwa kisiwa gani. Mzaliwa wa American Samoa kwa kawaida si raia kamili, ila ni "national" wa Marekani, mtu wa taifa hilo asiye na uraia: hapigi kura ya rais, lakini hafukuzwi nchini. Mzaliwa wa Samoa huru, nchi jirani inayojitawala, ni mgeni hata akiwa na kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani daima. Tangu sheria ya 1996, kifungo cha mwaka mmoja kwa wizi au kosa la vurugu, hata kiwe cha nje, chatosha kumrudisha Apia, mji mkuu wa Samoa huru. Ndiyo maana mawakili wazoefu hupigania siku 364.