Spishi Mpya ya Nzi wa Kaskazini: Watu Wanavyodhani na Kazi Ilivyo

Habari ya "nzi mpya agunduliwa Lapland", eneo la kaskazini kabisa mwa Ulaya, hupita kwenye simu kwa sekunde chache, na msomaji hubaki na picha ya mtu mwenye wavu, msitu wenye theluji na mdudu asiyewahi kuonekana. Picha hiyo ina kasoro karibu kila upande. Tuwachukue visubi wa uyoga, familia ya Mycetophilidae, wawe mfano wetu. Wengi wana urefu wa milimita 3 hadi 6, mgongo uliobinuka na miguu mirefu yenye miiba. Mabuu wao hula uyoga na kuvu za magogo yanayooza katika misitu ya misonobari ya Ufini, Uswidi, Norwei na Urusi.

Dhana: Kaskazini ni baridi, kwa hiyo wadudu ni wachache na wote wanajulikana.

Neno "nzi" lenyewe linachangia kosa hili. Nyumbani nzi ni yule anayetua kwenye chakula, lakini oda ya Diptera inabeba pia mbu, usubi na ndorobo: wote wana jozi moja tu ya mabawa, na ile ya pili imegeuka vijiti vifupi vya kuusawazisha mwili angani. Spishi zaidi ya 150,000 za oda hii zimekwisha kupewa majina. Ukielekea kaskazini, mende na vipepeo hupungua haraka kuliko nzi. Chironomidae, familia ambayo baadhi ya jamaa zake huinuka kama moshi juu ya Ziwa Victoria, ndiyo yenye spishi nyingi kuliko familia nyingine za wadudu kule Aktiki. Nao visubi wa uyoga hustawi hasa kwenye ubaridi na unyevu. Spishi zao katika nchi za Nordiki ni mamia mengi, na hesabu haijafungwa.

Dhana: Spishi mpya hugunduliwa porini.

Porini hukusanywa vielelezo tu. Chombo kikuu ni mtego wa Malaise, uliobuniwa na Mswidi René Malaise, ambaye aliona wadudu walioingia hemani wakipanda hadi pembe ya juu na kukwama hapo. Aliujaribu Burma mwaka 1934. Ni ukuta wa chandarua uliosimamishwa kwenye njia ya wadudu, wenye paa linaloinuka upande mmoja kuelekea chupa ya ethanoli, yaani pombe. Nzi akigonga ukuta hupanda juu, na huko juu ndiko iliko chupa.

Kosa la kawaida liko kwenye chupa hiyo. Ethanoli ya asilimia 95 huhifadhi vinasaba vizuri, lakini hukausha mwili hadi miguu inakatika ikiguswa. Ile ya 70 huuacha mwili laini, ila vinasaba huharibika mapema. Isitoshe, wadudu wakijaa, maji ya miili yao huizimua, na joto la kiangazi huivukiza. Chupa iliyoachwa mwezi mzima bila kubadilishwa huweza kurudi na supu.

Uswidi iliendesha mradi wa mitego hii nchi nzima kati ya 2003 na 2006, na mavuno yalikadiriwa kuwa wadudu milioni 20. Kuwachambua kwa familia tu kulichukua miaka mingi baada ya mitego kukunjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba tangu kielelezo kikusanywe hadi spishi ipate jina hupita wastani wa miaka 21. Kwa hiyo "mpya" wa kwenye habari anaweza kuwa alikaa kabatini muda wa kutosha mtoto kuzaliwa na kumaliza sekondari.

Dhana: Mtaalamu akimwangalia tu, atajua ni mpya.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Rangi haitegemewi: mwanga na pombe huipausha, na mara nyingi nzi wa spishi moja waliokulia kwenye baridi huwa weusi kuliko ndugu zao wa kusini. Mishipa ya mabawa husaidia kumfikisha mtu kwenye jenasi, kisha humwacha njiani. Kinachotenganisha spishi ni ncha ya fumbatio la dume, yaani viungo vya uzazi, hasa koleo mbili anazomshikia jike. Kila spishi ina mpangilio wake wa meno, miiba na vinyweleo kwenye koleo hizo. Majike wa jenasi nyingi hawatenganishiki kwa macho, ndiyo maana wengi huishia kwenye lebo yenye jina la jenasi tu.

Ili koleo zionekane, ncha ya fumbatio hukatwa kwa kibano chembamba chini ya hadubini na kuwekwa katika myeyusho wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10. Ukiupasha moto, dakika 10 hadi 30 zinatosha. Bila moto, uache usiku kucha. Myeyusho hula misuli na mafuta na kuacha gamba. Angalia kila baada ya dakika chache, maana ukizidisha, gamba lenyewe huwa kama kioo, vinyweleo hung'oka, na alama ulizozitafuta hutoweka. Kisha kipande huoshwa kwa asidi asetiki kidogo ili kuzuia myeyusho usiendelee kula, halafu huingizwa kwenye gliserini.

Ndani ya gliserini unaweza kukigeuza na kukichora kutoka juu, chini na ubavuni. Usikimbilie kukibandika kwenye slaidi. Kioo cha juu hukandamiza koleo na kuzifungua kwa pembe isiyo ya asili. Ukilinganisha mchoro wa kipande kilichobanwa na wa kile kisichobanwa, utaona spishi mbili mahali palipo na moja. Makosa ya aina hiyo yamo kwenye maandishi ya zamani, na kuyasafisha ni kazi ngumu kuliko kuyafanya.

Dhana: Siku hizi DNA inamaliza ubishi.

Inasaidia sana. Kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 kinaweza kusomwa kutoka mguu mmoja, na ndicho kinachoitwa msimbopau wa vinasaba. Kimeunganisha majike na madume wao, na mabuu waliotolewa kwenye uyoga na wazazi wao, mambo ambayo kwa hadubini peke yake yalikuwa bahati nasibu.

Lakini jeni hiyo hurithiwa kutoka kwa mama tu. Spishi mbili zikiwahi kuchanganya damu, au bakteria wa Wolbachia, anayeishi ndani ya seli za wadudu na kurithiwa kupitia mama, akienea katika ukoo mmoja, msimbopau huweza kufanana pale ambapo koleo ni tofauti kabisa, au kugawanyika pale ambapo koleo ni zilezile. Kipimo cha tofauti ya asilimia 2 kati ya misimbopau, kinachotajwa mara kwa mara kama alama ya spishi mbili, ni mwongozo, wala si mpaka. Maelezo yenye nguvu ni yale ambayo umbo na vinasaba vinatoa ushahidi mmoja. Vikipingana, afadhali kusubiri vielelezo zaidi.

Dhana: Asipokuwemo kwenye kitabu cha utambuzi, basi ni mpya.

Huenda ana jina tangu enzi za babu wa babu. Johan Wilhelm Zetterstedt alichapisha majuzuu 14 kuhusu nzi wa Skandinavia kati ya 1842 na 1860, akieleza spishi nyingi kwa mistari michache ya rangi na ukubwa, bila neno juu ya koleo. Njia ya kujua alimaanisha nani ni kufungua vielelezo vyake vilivyohifadhiwa Lund, Uswidi. Jina la kwanza lililochapishwa kihalali ndilo linalotangulia, na hesabu inaanzia mwaka 1758. Jina lako zuri la mwaka huu litazikwa kama kisawe.

Tena msitu wa kaskazini hauna habari na mipaka. Kisubi wa Ufini anaweza kuwa alielezwa zamani kutoka Siberia, au Kanada. Asiyesoma maandishi ya Kirusi, au asiyeazima vielelezo vya Amerika Kaskazini, anajitafutia aibu.

Dhana: Kuna kamati inayoidhinisha spishi.

Hakuna. Ipo Tume ya Kimataifa ya Majina ya Kisayansi ya Wanyama, inayotunza kanuni na kuamua migogoro, lakini haipigi muhuri kila jina. Jina linapata uhalali kwa kuchapishwa likitimiza masharti: lionyeshwe wazi kuwa ni jipya, kuwe na maelezo ya maneno yenye sifa za kuitofautisha spishi, mdudu mmoja atajwe kuwa holotaipu, yaani kielelezo kinachobeba jina, na ielezwe anahifadhiwa wapi. Chapisho la kielektroniki tangu 2012 lazima pia lisajiliwe ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Wengine hudhani maelezo lazima yawe ya Kilatini. Hilo lilikuwa sharti la wataalamu wa mimea hadi mwisho wa 2011. Kwa wanyama lugha ni huru, hata Kiswahili kingekubalika.

Jina lenyewe ndilo lenye sarufi ya Kilatini, na anayezijua ngeli hatashangaa: kivumishi hufuata jenasi yake, hivyo *lapponicus* ikiungana na jenasi ya kike kama *Boletina* huwa *lapponica*. Jina la kumheshimu mwanamume huishia *-i*, la mwanamke *-ae*. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi na kanuni, lakini wenzako watakucheka.

Dhana: Picha nzuri inatosha.

Mwaka 2015 nzi wa Afrika Kusini, *Marleyimyia xylocopae*, alielezwa kwa picha bila mwili uliohifadhiwa. Kanuni hazikuvunjwa, ila ubishi ulikuwa mkubwa, na mwaka 2017 Tume ikaongeza mapendekezo kwa atakayefanya hivyo, likiwemo la kueleza kwa nini hakuhifadhi kielelezo. Kwa kisubi wa uyoga njia hiyo haina maana, kwa sababu picha haiwezi kuonesha meno ya koleo yaliyofichika ndani ya fumbatio.

Ndiyo maana ncha iliyokatwa huwekwa kwenye kichupa kidogo chenye gliserini, pamoja na mwili wake, chini ya namba moja. Lebo huandikwa kwa wino usioyeyuka katika pombe: nchi, mahali, latitudo na longitudo, tarehe ya kutega na ya kutegua, aina ya mtego, mkusanyaji. Ncha ikitenganishwa na mwili bila namba, holotaipu inabaki nusu mbili ambazo hakuna awezaye kuapa kuwa ni za mdudu mmoja.