Gemu la VR la kumsaidia aliyepata kiharusi: "kumzingatia mtumiaji" ni kufanya nini hasa?

VR ni ile teknolojia ya kuvaa miwani ukajiona uko ndani ya gemu lenyewe. Ubunifu unaomzingatia mtumiaji, kwa ufupi, ni kwamba mgonjwa anaingizwa kwenye kazi mapema kabisa, kabla gemu halijaanza kutengenezwa, mnamwangalia anavyokaa, anavyoshika vitu, anachoka baada ya muda gani, ndo mnatengeneza kitu, anakijaribu, mnarekebisha, anajaribu tena, na mnaendelea hivyo hivyo. Kuna mpaka kiwango cha kimataifa cha utaratibu huu, ISO 9241-210, cha mwaka 2010 kikaboreshwa 2019.

Kwanini gemu? Kiharusi kinaua sehemu ya ubongo, zile zilizobaki zinaweza kujifunza kazi upya ila mpaka urudie mwendo uleule mara nyingi mno, na hapo watu wengi wanachoka wanaacha. Gemu linawekwa ili kurudia huko kusichoshe.

Sasa shida ni kwamba vifaa vya VR vimetengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili mizima. Kuvaa tu ile miwani na kukaza mkanda wake kwa mkono mmoja ni kazi, halafu unapewa rimoti ubonyeze na vidole ambavyo vimekunjamana havifunguki, utabonyezaje? Ndo maana wengine wanaifunga rimoti mkononi kwa mkanda au wanatumia kamera inayosoma mkono wenyewe. Kuna wagonjwa pia, hasa kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, macho ni mazima lakini upande wa kushoto ni kama haupo, ukiweka pointi zake kule kushoto hatozijua kabisa, inabidi vitu vianzie katikati visogee kidogo kidogo.

Na hili ndo naliona zito kuliko yote: mgonjwa anataka pointi, kwa hiyo badala ya kunyoosha kiwiko anainamisha mwili mzima mbele mpaka anaugusa mpira, gemu linampongeza, kumbe mkono haujafanya kitu. Anayeliona hilo ni mtaalamu wa fiziotherapia, yule anayemfanyisha mazoezi, kwa hiyo na yeye ni mtumiaji, pamoja na ndugu anayemvalisha miwani nyumbani.

Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa EVREST, wagonjwa 141, wengine walicheza Nintendo Wii, mashine ya gemu ya kwenye TV unayochezea kwa kupunga rimoti, haina hata miwani, wengine karata, bingo na michezo kama hiyo, na maendeleo ya mkono hayakutofautiana. Wii ni gemu la watu wote, halikubuniwa kwa ajili yao. Haithibitishi kwamba lililobuniwa kwao lingeshinda, ila kwangu inatosha kuacha kuamini kwamba teknolojia peke yake inaponya.

Kwenye kuuliza maoni nako kuna mtihani, maana kiharusi kinaweza kuondoka na maneno ya mtu. Fomu ndefu ya maswali haimfai huyo, bora picha za nyuso achague moja kwa kidole, au ukae umtazame akicheza.