Je, wajua kwa nini tairi lenye upepo mdogo ndilo hupasuka wakati wa joto?

Kaskazi ikishika, Januari na Februari, lami ya barabara ya Nungwi saa saba mchana haikanyagiki kwa mguu mtupu. Ndipo madereva wengi wa Unguja na Pemba hupunguza upepo kwenye matairi. Hoja yao inaeleweka: joto hutanua hewa, hewa iliyotanuka husukuma tairi, basi afadhali kuitoa kidogo mapema. Kwamba hewa hutanuka ni kweli. Kosa ni kuitoa.

Tuhesabu. Tairi la gari ndogo limetiwa psi 32 (psi ni kipimo cha upepo) asubuhi, nyuzijoto zikiwa 27. Likipata moto hadi nyuzijoto 60, geji itasoma kama psi 37. Ongezeko ni psi 5 tu. Ubavuni mwa tairi hilohilo mara nyingi pameandikwa 44 au 51, na hicho ni kiwango cha juu cha matumizi, wala si mahali linapopasukia. Tairi zima hustahimili zaidi ya hapo kwa mbali. Waliopanga psi 32 walijua kuwa itapanda njiani na wameshaliingiza hilo kwenye hesabu. Sasa dereva akisimama Kinyasini akazitoa hizo psi 5, tairi likipoa usiku linabaki na kama psi 27. Kesho yake anaanza safari na upepo pungufu, tairi linapata moto zaidi ya jana, naye anaona sababu ya kutoa tena.

Kwani moto huo unatoka wapi? Jua na lami huchangia, lakini kwa gari iliyo kwenye mwendo, sehemu kubwa ya joto hutokana na mpira wenyewe kujikunja. Chukua mpira wa manati, ule mpana unaokatwa kwenye tyubu kuukuu. Uvute na kuuachia haraka haraka, mara thelathini hivi bila kupumzika, kisha uguse kwa mdomo: una vuguvugu. Unapovutwa hupata moto, unapoachiwa hupoa, lakini haurudishi nguvu yote uliyoutia. Kiasi hubaki ndani kikawa joto, na kila mvuto huongeza juu ya uliotangulia. Ukiuvuta kidogo, joto ni dogo. Ukiuvuta sana bila kuupa nafasi ya kupoa, joto hujikusanya.

Tairi ndivyo lilivyo. Sehemu inayogusa barabara hulalia, ubavu hutokeza nje, kisha hunyooka. Tairi la saizi ya 185/65 R15 huzunguka kama mara 510 kila kilomita, kwa hiyo kutoka Mjini hadi Nungwi, karibu kilomita 60, kila sehemu ya ubavu imekunjwa na kunyooshwa mara 30,000 hivi. Upepo ukiwa kamili, mkunjo ni mdogo. Ukipungua, mkunjo huwa mkubwa na joto hupanda, na kwa kuwa mpira haupitishi joto upesi, moto unanasa ndani. Hapo mpira huanza kuachana na nyuzi za ubavuni, au mikanda ya chuma iliyo chini ya kashata, yaani mpira wa juu unaokanyaga barabara, hubanduka. Mwendo mkali huzidisha mikunjo kwa dakika. Mzigo nao hufanya kazi ileile ya kupunguza upepo: Noah iliyojaa watu wanane na mabegi ya harusini hulalia matairi ya nyuma hata kama geji inasoma sawa.

Mwezi wa Agosti 2000, kampuni ya matairi ya Firestone ilitangaza Marekani kuyarejesha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, kwa sababu kashata zilikuwa zikibanduka gari likiwa mwendoni. Ford ilikuwa imependekeza psi 26. Firestone ikataka 30. Kampuni hizo zilitupiana lawama, na matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, kwa hiyo haifai kusema upepo peke yake ndio uliosababisha.

Wala haina maana ujaze mpaka 45. Tairi lililojaa kupita kiasi hugusa barabara kwa eneo dogo, huliwa katikati, na huumia vibaya likiingia shimoni. Likiliwa kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiliwa upande mmoja, kapime alaimenti, yaani unyookaji wa magurudumu.

Kiwango sahihi kipo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Gari nyingi zinatoka Japani, na maandishi huenda huyasomi, ila namba zinasomeka: 220 kPa (kipimo kingine cha upepo) ni psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Pima asubuhi kabla gari haijatembea, au baada ya kupumzika kivulini kwa muda wa saa tatu au zaidi, kwa geji yako mwenyewe. Pima kila mwezi, kwani tairi zima hupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi bila pancha. Ukilazimika kujaza tairi likiwa na moto, zidisha psi 3 au 4 juu ya kiwango, kisha hakiki kesho asubuhi. Aliyeshusha upepo ili apite mchangani ufukweni asipande lami kabla hajajaza tena.

Tarehe ya kutengenezwa ni namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji hawakubaliani juu ya ukomo, lakini wengi husema likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 na litupwe likifika 10, hata kama kashata bado nzima. Matairi ya mtumba yatazamwe hapo kabla ya bei.

Gari ikitembea umbali wowote na tairi lililokwisha upepo, usikubali kuzibiwa pancha kwa nje tu. Mwambie fundi alitoe kwenye rimu. Likimwaga unga mweusi wa mpira, au ukipitisha kidole ndani ya ubavu ukakuta mkwaruzo unaozunguka tairi zima, mkunjo umeshalila kutoka ndani. Pancha itazibika vizuri, lakini tairi hilo halifai tena kurudi barabarani, hata kama spea.